Sahihi ya Mama Mapokezi

Tukimwona Mama Mapokezi amevaa viatu siku ya kazi, tulijua kuna lori linakuja. Vilikuwa viatu vyeusi vilivyombana vidole, na alivivaa kwa mambo mawili tu: kanisani, na kupokea vifaa vya kijiji. Shambani alikwenda na ndala, gulioni ndala, hata kwenye harusi ya binti yake alivaa ndala na gauni jipya. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mwalimu, vinavyokuja ni vya watu wote. Nivipokee na ndala?"

Jina lake silitaji. Analo, tena majina matatu kamili, na nitaeleza mimi nililitumiaje. Kijijini kwetu, huku upande wa Butiama kwenye njia ya kwendea Bunda, karibu kila mtu alimwita Mama Mapokezi kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. Kwa asiyejua, kijiji kikijenga darasa au zahanati kwa fedha ya umma, wananchi watatu huchaguliwa wasimame pale lori linapofika. Wanakagua kilichoshushwa, wanasaini hati kwamba kilichoagizwa ndicho kilicholetwa. Bila sahihi yao, mzabuni halipwi. Mshahara hakuna, hata soda hakuna. Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri, nikiwa mwalimu wa kujitolea, mwembamba, na suruali mbili.

Alikuwa na mikono ambayo sijaona tena. Saruji ikija hakuangalia mifuko ya juu. Alipitisha mkono katikati ya lundo mpaka begani, akapapasa, akatoa mfuko mmoja wa ndani kabisa na kuuangusha chini kwa kishindo. Ukitoa sauti ya jiwe, unarudi. Mbao alizinusa. Mchanga aliuchukua kiganjani, akautia maji na kuusugua, kisha akamwonyesha dereva tope lililobaki. Na mabati! Bati alilishika kwa pembe mbili, akalikunja kidogo na kuliachia, huku ameinamisha kichwa akisikiliza. Mafundi walikuwa na kipimo chao. Yeye alikuwa na masikio, na sikumbuki hata mara moja kipimo kilipombishia.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kelele. Dereva akifika, kwanza alipewa kiti, maji ya kunawa na sahani ya ugali na dagaa. "Kula baba," alimwambia. "Tutagombana ukishashiba." Na kweli waligombana. Nimeona madereva wakubwa, wenye vitambi, wanapakia upya mifuko huku bado wanajilamba vidole.

Kulikuwa na neno moja ambalo hakulivumilia: fedha ya serikali. Ukilisema mbele yake umekwisha. "Serikali imelima wapi?" aliuliza. "Ina ng'ombe wangapi? Ukinunua chumvi umechanga. Ukinunua sabuni umechanga. Ile hela ni yako, imekwenda Dodoma kutembea, sasa imerudi nyumbani. Utaipokeaje, umelala?" Akimaliza hapo, alinituma nikabandike hati kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, hati ya kila kitu, hata misumari. Kisha alikaa karibu na ubao akamenya mihogo, na kila aliyepita bila kusoma alimwita arudi. Asiyejua kusoma alisomewa. Watu walimkwepa, wakazunguka nyuma ya ghala. Tulimcheka sana, Mungu atusamehe.

Ajabu ni kwamba mama huyuhuyu, msimu wa pamba ukifika, alikuwa anamwagia pamba yake maji. Kabisa! Nimemwona kwa macho yangu, jioni kabla ya kuipeleka kwenye mzani wa wanunuzi, ana kopo na anayanyunyiza taratibu kama anaibariki. Nikamwambia, mama, wewe? Hakuona hata aibu. "Mzani wao unanyonya, na mimi naongeza. Hapo ni mimi na wao, mwalimu. Pamba ni yangu. Dhambi hii nitaibeba peke yangu, sijambebesha mtu." Nilijaribu kubishana nikashindwa. Mpaka leo sijui kama alikuwa na haki, ila najua mstari aliuchora wapi, na hakuwahi kuuvuka.

Jambo jingine lake ni sahihi. Alijifunza kusoma ukubwani, na aliandika majina yake yote matatu, herufi moja moja, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Maofisa walikuwa wanaangalia saa. Mmoja aliwahi kumwambia, mama weka tu alama. Akaacha kalamu. "Alama wanawekewa ng'ombe," akasema, kisha akaanza upya kutoka herufi ya kwanza.

Sasa nifike pale ninapotakiwa kufika, maana nimezunguka vya kutosha.

Tulikuwa tunajenga chumba cha wazazi kwenye zahanati. Kabla ya hapo wanawake wetu walipakiwa kwenye bodaboda kupelekwa Butiama, wengine wakajifungulia njiani. Kwa hiyo watu walijitoa. Mawe tulisogeza wenyewe, maji ya kufyatulia matofali walibeba akina mama. Kulikuwa na mke wa jirani yangu, mwenyewe mjamzito, alikuja kila asubuhi na ndoo kichwani. Tukimwambia apumzike anacheka: "Niacheni, najibebea mwenyewe. Mimi ndiye nitakayelala humo." Kuta zikapanda. Yakabaki mabati, na hayo yalikuwa ya kununuliwa.

Ulikuwa mwisho wa Juni, mwaka wa fedha unafungwa. Mama Mapokezi alikuwa amekwenda Bunda kwenye msiba wa dada yake. Aliniachia faili, akanishika mkono. "Usipokee hata msumari mpaka nirudi." Siku ya pili akaja afisa mmoja wa manunuzi, na gari. Lori, akasema, liko Bunda linapakia, lakini mfumo wa malipo unafungwa kesho. Hati isipoingia leo, fedha inarudi ilikotoka na chumba kinabaki gofu. Nilimpigia Mama simu. Imezimwa. Nikapiga tena. Kule msibani nani angemchajia? Mjumbe wa tatu alishasaini. Ilibaki sahihi ya mwenyekiti. Afisa akasema hilo si tatizo, andika tu "kny", kwa niaba ya, ndivyo maofisini wanavyofanya kila siku, kisha weka sahihi yako.

Nikaandika. Herufi tatu, halafu mkwaruzo. Chini yake, kwa taipu, majina yake matatu. Yeye yalimchukua dakika nzima kuyaandika. Mimi sikumaliza hata pumzi moja.

Mabati yalikuja baada ya siku tatu. Alipotoka msibani aliyakuta yameshashushwa, yamepangwa vizuri, yanang'aa. Akavua kanga ya msiba, akaenda kuvaa viatu, akarudi. Akashika bati la kwanza kwa pembe mbili, akalikunja, akaliachia. Akachukua la pili. La tatu. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake.

"Hii siyo," akasema. "Tuliagiza geji ishirini na nane. Haya ni karatasi."

Dereva wa lori, ambaye alikuwa hajaondoka, akamnyooshea nakala ya hati. Akaisoma kwa kidole, polepole. Akafika chini. Kidole kikasimama kwenye mkwaruzo wangu muda mrefu. Halafu akaikunja ile karatasi mara nne, akaniangalia, akasema, "Haya." Ningependa angenipiga kofi. Kweli kabisa, ningependa.

Alipanda gari mara mbili kwenda wilayani kulalamika. Mara zote mbili alionyeshwa hati: imepokelewa, hali nzuri. Kijijini nako watu walikuwa na haraka, walikuwa wamechoka kusubiri. Wakamwambia mama wewe unachelewesha maendeleo, bati ni bati. Tukaezeka. Siku ya kufungua tulicheza ngoma, mbuzi akachinjwa, na mke wa jirani alikuwa wa kwanza kulala kwenye kitanda kipya, kwa utani tu, watu wakacheka.

Upepo ulikuja mwanzoni mwa mvua za vuli, saa tisa mchana. Siku kama hizo zinatokea kwetu, upepo unatoka ziwani umekasirika. Nyumba zetu za zamani zilitikisika zikabaki. Paa la chumba cha wazazi liliinuka lote upande mmoja, likachanika. Niliusikia ule mlio nikiwa darasani. Watoto waliingia chini ya madawati na mimi nilisimama na chaki mkononi, najua ni nini, kabla hata ya kutazama dirishani. Hakuna aliyeumia, na tukasema asante Mungu.

Lakini chumba hakikuwa na paa, na tumbo la mke wa jirani halikujua kusubiri. Wiki ya pili uchungu ulimshika, mvua inanyesha, bodaboda ikakwama kwenye korongo kabla ya Butiama. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kike. Tulimzika kando ya migomba, na mawe ya kufunikia tuliyatoa kwenye yale yaliyobaki pale zahanati, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu.

Mkutano mkuu wa kijiji ukaitishwa. Mtendaji wa kijiji akasimama kusoma hati: mabati yalipokelewa na mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, akataja majina yote matatu. Hakusoma "kny". Labda hakuiona, labda aliona haina maana. Watu wakalipuka. Ametuuza! Kumbe ndiyo maana alikuwa anakwenda Bunda! Mwenyekiti wa kijiji akamwita ajieleze.

Alisimama. Hakuangalia mkutano mzima, aliniangalia mimi. Nilikuwa mstari wa pili, na barua yangu ya ajira ya ualimu ilikuwa imefika wiki hiyo. Naapa nilikuwa naiwaza ile barua. Nilijiambia nikisimama hapa, kazi imekwenda. Alisimama pale akasubiri. Watu walidhani anatafuta maneno.

"Jina ni langu," akasema, akakaa.

Wakapiga kura ya mikono kumwondoa kwenye kamati. Mikono ikapanda kila upande. Wa kwangu pia. Sijui ulipandaje, lakini ulipanda, nikauona hapo juu ya kichwa changu.

Baada ya hapo niliondoka. Niliajiriwa, nikapelekwa Rukuba, kule kisiwani, ambako kambi za wavuvi zimeezekwa mabati chakavu yaliyokandamizwa mawe. Upepo ukianza, nilitoka nje nikasimama hata kama mvua inanyesha. Wavuvi walidhani naogopa radi. Kisha nikahamishiwa Musoma, nikapanga Mwisenge, nikaoa, nikanenepa. Unaniona mtu mzima, mwalimu, mzee wa kanisa. Kila mradi ukitangazwa shuleni na mkuu akasema tuchague kamati ya mapokezi, naugua. Nakwenda kweli hospitali, presha inapanda kweli.

Na nikirudi nyumbani likizo, mke wa jirani alikuwa ananisalimia. Hili ndilo lililonimaliza. Anapiga goti kidogo, "Shikamoo mwalimu," ananiulizia wanangu kwa majina. Siku moja gulioni, akiwa amebeba kuku, alinionyesha kwa kidevu Mama Mapokezi akipita upande wa pili peke yake. "Yule mama alituuza," akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayemwambia ndugu. "Ila Mungu anaona." Nikasema eeh. Nilisema eeh! Nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji, nikaondoka.

Mwaka huu nikasikia Mama Mapokezi yuko Musoma, kwa binti yake Kitaji, ameletwa kutibiwa macho. Nilikaa na habari hiyo wiki nzima. Mke wangu akaniuliza, "Una nini, mbona huli?" Nikamwambia joto. Jumamosi asubuhi nikanunua samaki wawili wakubwa, sato, kule mwaloni wavuvi wanakoshushia, nikaenda.

Alikuwa amekaa kibarazani, jicho moja limefungwa bandeji, anachambua maharage kwa vidole. Amepungua. Mikono bado ni ileile. "Shikamoo mama," nikasema. Kabla sijataja jina akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Umechelewa." Nikadhani anazungumzia chakula.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yote yakaniruka. Nikamwambia hivi hivi, mama, ile sahihi ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyesaini. Nikaanza kulia, mtu mzima, na mfuko wa samaki mkononi unadondosha maji kwenye viatu.

Aliendelea kuchambua. "Nilijua siku ileile," akasema. "Mwandiko wako nilikuwaga nausoma kila siku kwenye ubao, nisiujue? Hata ukikwaruza ni wako."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Nilikupa nafasi. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma. Nikasema huyu ni mwalimu, atainuka. Nikitaja mimi, ni mama mzee anamsukumia kijana. Watu wangesema najitetea." Akapuliza maganda. "Halafu kuna jambo lingine. Faili nilikuachia mimi. Hilo nalo lilikuwa langu."

Nikamwomba msamaha. Nilitaka aniwekee mkono kichwani, aseme yamepita, twende tukale samaki. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Mimi unaniomba nini? Hukuniibia mimi. Waliobeba mawe wako kule. Yule mama aliyezika yuko kule, anakupigia goti. Mkutano wa kijiji ni mwezi ujao, na mimi nitakuwa nimerudi."

Nikasema sawa mama, nitaangalia nafasi, shuleni kuna mitihani. Hapo ndipo alipoacha maharage.

"Nisikilize. Najua unachosubiri. Unasubiri nife. Utakuja msibani, utashika maiki, utasema mama huyu alikuwa mwaminifu, alisingiziwa, na utalia vizuri sana. Watu watasema mwalimu ana roho nzuri. Usithubutu! Mimi nikiwa kwenye sanduku nitakuuliza swali vipi? Sema nikiwa nasikia."

Haki ya Mungu, alikuwa amesema kitu nilichokuwa nimekipanga. Nilikuwa na hotuba hiyo kichwani, imekaa miaka, na aya zake.

Nilikwenda. Naandika hili nisije nikajipamba: usiku wa kuamkia siku hiyo niliomba gari liharibike. Halikuharibika. Mkutano ulikuwa pale pale, uwanjani mbele ya zahanati. Chumba cha wazazi kimeezekwa upya na mradi mwingine, ila ukutani bado kuna michirizi ya maji ya ile mvua. Mama Mapokezi alikuwa ameketi mbele, kwenye kiti cha plastiki, kichwa amekiinamisha upande. Mke wa jirani alikuwa nyuma na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Walipofika kwenye ajenda ya mwisho, mengineyo, nikanyoosha mkono.

Nilisema yote. Msiba wa Bunda, faili, afisa, "kny", bati, mkono wangu ulivyopanda. Niliposema mtoto aliyezikwa kando ya migomba, nilitazama nyuma. Mke wa jirani alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kitenge, ananiangalia bila kupepesa. Nikamaliza: nilifanya hivyo kwa sababu fedha ilikuwa inarudi, nilikuwa nawaonea huruma akina mama wetu. Nikataka kukaa.

Mama Mapokezi akanyoosha mkono. Mwenyekiti wa kijiji, kijana wa siku hizi, akamruhusu. Alisimama kwa shida, binti yake akimshika kiwiko.

"Namuuliza mwalimu swali kama mwananchi," akasema. "Ulipewa nini?"

"Sikupewa kitu, mama. Hata senti."

"Nakuuliza tena. Ulipewa nini?"

Ningeweza kuapa, na ningekuwa nimeapa kweli, maana mfukoni mwangu hakikuingia chochote. Lakini nilijua anachouliza. Kitu hicho sikuwahi kumwambia mke wangu, wala mchungaji, na kwa miaka yote sikujiambia mwenyewe.

"Yule afisa alinifungulia mlango wa mbele wa gari," nikasema. "Watu walikuwa wanaona. Akaniita mheshimiwa katibu. Nilikuwa sijawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote."

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Kule nyuma mke wa jirani alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akanipa mgongo, akaondoka taratibu kupitia kando ya zahanati, na sikuthubutu kumwita.

Mama Mapokezi aligeuza kichwa upande ilikokuwa meza, akiitafuta kwa lile jicho moja.

"Mtendaji, unaandika muhtasari?"

"Ndiyo, mama."

"Andika hivyo alivyosema. Usimsaidie. Halafu ukabandike."